Daftari la Ndege ya Wingwi

Mimi ndiye mshika daftari.
Mwandiko wangu ni wa ubaoni, mpana, wa kupigia mstari,
na kurasa za mwanzo zimelowa grisi ya vidole vya Shaame,
fundi baiskeli, aliyesema siku ya kwanza:
"Ndege ni baiskeli iliyojiona."
Tukacheka. Kisha tukaingia mikokoni, maji kupwa,
matope magotini, kuvuta mbavu.

Njiani watu walituuliza: mfadhili nani?
Posho shilingi ngapi kwa siku?
Hapana mfadhili, tukasema, hapana posho,
kuna chai ya Bi Riziki na muhogo wa kuchemsha.
Wakenda zao wakiguna.
Jioni mmoja karudi, na msasa wake mkononi.

Ilianguka mwaka wa vita, mwaka wa mchele kwa kadi,
usiku, bila ya taa, tumbo tupu.
Mabomu ilishayamwaga baharini,
au juu ya watu. Hatujui.
Ndani vijana wanne.
Waliokuwapo waliwafunika majamvi ya kuanikia karafuu,
wakawazika juu kidogo ya alama ya bamvua.
Majina hawakuyajua. Wakawasomea walichokijua.

Kisha, kama wafanyavyo wenye njaa,
wakaichinja.
Kila nyumba na mnofu wake.

Ndiyo maana napita mlango kwa mlango, hodi, hodi,
na kalamu sikioni.
Ubavu wa banda la mbuzi kwa Faki Mbwana: bawa la kulia.
Kengele ya skuli, niliyoigonga mwenyewe miaka ishirini,
kumbe kitovu cha rafadha.
Beseni la kukoshea maiti.
Aliyelileta hilo hakuingia ndani;
aliliweka kizingitini, akageuka.

Subira wa kidato cha tatu ndiye pekee anayeenea mkiani.
Huingia kwa tumbo, na nyundo,
ashikilie ribiti kwa ndani, Shaame apige kwa nje,
pigo kwa pigo, hawaonani,
na akichoka hugonga mara mbili.

Bi Mkasi Asaa hakutoa.
Sufuria lake pana, nje jeusi tititi,
ndani linametameta kwa mchanga wa kusugulia.
"Bati hili lilipokuwa juu," alisema,
"lilikwenda kuua watoto wa watu.
Liliposhuka nikalilelea tisa wangu, na wa jirani.
Sasa mwataka kulipandisha tena, na limekwisha kutubu?"

Shaame, mwenye jawabu kwa kila kitu, akaitazama spana yake.
Nikasema, maana ndiyo kweli: hatulipandishi, bibi.
Twaiweka chini, magurudumu ndani ya saruji,
na kibao ubavuni: wale wanne,
na wa kwetu waliokwenda kubeba mizigo Bama wasirudi,
Makame Sheha, Khatibu wa Kiuyu,
na yule tumjuaye kwa lakabu tu, Kidevu.

"Na waliodondoshewa?" akauliza. "Kibao chao ki wapi?"

Ukurasa ule una mstari mtupu.
Kibao nacho.

Tulimaliza Mfunguo Sita, mvua za vuli zikinyemelea.
Bawa la kushoto lina tundu, upana wa sufuria.
Kunguru hupita humo. Wageni huuliza: risasi?
Siku ya khitma Bi Mkasi alikuja mwenyewe,
sufuria kichwani juu ya kata, limejaa wali wa nazi,
akalitua chini ya bawa, kivulini,
akatwambia tukakoshe mikono kwanza, twanuka rangi.
Subira alikula mara tatu.

Usiku nikafungua daftari.

Kipande cha arubaini na moja. Bawa la kushoto.
Hali: kizima, kimebonyea kidogo ukingoni.
Hakikurejeshwa.
Kipo kazini.